Nililipa Kufunzwa Ngoma ya Chuka

Kazi iliponipeleka Embu kwa miezi mitatu mwaka jana, jioni zilinishinda. Baridi, chai, kulala. Mwenzangu wa ofisini akaniambia kuna mzee Chuka anayefunza ngoma mtu mmoja mmoja, kwa malipo. Nikacheka. Mtu wa Lamu alipe kufunzwa ngoma? Jumamosi iliyofuata nikapanda matatu.

Chuka iko kwenye barabara ya Embu kwenda Meru, kaunti ya Tharaka-Nithi. Wapiga ngoma wake wengi wetu tumewaona kwenye televisheni siku za sherehe za taifa, au pale Bomas of Kenya, iliyoanzishwa 1971. Lakini je, umewahi kutazama ile ngoma ndefu inakaa wapi? Haisimamishwi chini. Hubanwa katikati ya mapaja, ikainamishwa, ikapigwa kwa mikono miwili na huku mwenyewe anacheza.

Hapo ndipo kazi ilipo. Ukikaza mapaja sana, magoti hayapindi na mwili haubembei. Ukilegeza, ngoma inateleza na kukugonga muundi. Mimi nimegongwa mara nyingi.

Somo la kwanza sikupewa ngoma. Mzee aliviringisha gunia, akanibanisha mapajani, akaniamuru nizunguke ua. Wajukuu wake walicheka hadi wakakaa chini. Somo la pili lilikuwa la mdomo: nitamke mapigo huku nakanyaga, na nikikosea nianze upya. Ngoma yenyewe niliishika wiki ya tatu. Nilimwuliza kwa nini asikusanye wanafunzi kumi apate fedha zaidi. Akasema kwenye kundi mtu huiba hatua kwa mguu wa jirani, na jirani asipokuwepo hajui kitu. Wallahi alisema kweli. Peke yangu sikuwa na mguu wa kuiba.

Tukipumzika tulizungumza. Wazee wa Meru husimulia kwamba babu zao walitoka Mbwaa, kisiwa cha Pwani, wakiwakimbia watu wa nguo nyekundu. Wako wataalamu wanaokiweka kisiwa hicho Manda, ng'ambo tu ya Lamu. Mzee wangu alisema hayo ni ya Wameru wengine, Wachuka wana yao. Mimi nilifurahi hata hivyo. Huenda nilikuwa nimekaa na jamaa.

Siku moja akaniuliza, "Kijana, kwenu mnacheza nini?"

Nikamweleza goma: wanaume katika mstari, kanzu na kofia, bakora mkononi, mwendo wa taratibu, hasa msimu wa Maulidi. Nikamwambia marehemu baba yangu alikuwa akisimama mstari wa mbele.

"Nionyeshe."

Nikachukua fimbo yake ya kuchungia mbuzi. Nikanyoosha mkono, nikainamisha bega kidogo, nikasimama hapo. Sikujua mguu upi unatangulia. Baba alicheza miaka yote ya utoto wangu, bure, hatua chache kutoka mlangoni kwetu, nami nilikuwa nikitazama simu za watu na mpira. Mzee hakucheka. Alisema tu, "Basi turudi kwa hii," akanisukumia ngoma.

Nilimaliza masomo yangu tisa. Naweza sasa kuzunguka ua mzima bila kuiangusha, ingawa kasi ya vijana wa Chuka siifikii.

Maulidi ijayo, inshallah, nitatangulia Lamu wiki nzima. Kuna mzee mmoja Langoni, rafiki wa baba, nimeshampigia simu. Nimemwuliza anatoza kiasi gani. Amenitukana, kisha akaniambia nije na bakora yangu.