Hakimu wa Fizi na Uzito wa Daftari Lake

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mshahara wa hakimu hufuata cheo chake, wala haufuati wingi wa mashauri anayoyakata. Sheria ya tarehe 10 Oktoba 2006 kuhusu hadhi ya mahakimu, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2015, imewapanga wote katika ngazi, tangu hakimu wa mahakama ya amani aliye chini kabisa hadi wakuu wa mahakama za juu zilizoko Kinshasa, na kila ngazi ina malipo yake pamoja na marupurupu. Kwa hiyo mahakimu wawili walioteuliwa siku moja, mmoja akabaki Kinshasa na mwenziwe akatumwa Fizi, huko Kivu Kusini, hustahili kiwango kilekile, hata kama wa pili, ili alione shamba linalogombewa, hulazimika kupanda boti hadi rasi ya Ubwari au kupanda mlima kwa miguu kuelekea nyanda za juu. Usawa huo haukuwekwa bure, kwa kuwa hakimu asiyepata wala kupoteza kitu kwa hukumu anayoitoa ni vigumu kumyumbisha. Hata hivyo, kazi zinapotofautiana mno, usawa wa malipo huzaa swali ambalo nchi kadhaa zimekwisha kujiuliza, nalo ni iwapo malipo ya hakimu wa mahali yapimwe kwa mzigo wa mahakama yake.

Mahakama ya amani ndiyo mlango wa kwanza wa haki ya serikali. Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 inayopanga mahakama za kawaida inaipa mamlaka ya kuhukumu makosa ya jinai ambayo adhabu yake haizidi kifungo cha miaka 5, madai ya mali yasiyozidi faranga za Kongo 2,500,000, na, jambo lenye uzito zaidi vijijini, migogoro ya familia, ya urithi na ya ardhi inayotawaliwa na mila. Teritwari ya Fizi, yenye sekta 4 za Lulenge, Mutambala, Ngandja na Tanganyika, ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 15,786, yaani zaidi ya nusu ya Rwanda nzima. Baraka, iliyopewa hadhi ya mji, iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Fizi yenyewe iko juu milimani. Na asiyeridhika na hukumu hukata rufaa kwenye mahakama kubwa ya Uvira, umbali wa kilomita 90 hivi kaskazini mwa Baraka. Juu yake ipo Mahakama ya Rufaa ya Bukavu, na tangu mji huo ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Februari 2025, njia hiyo ya rufaa imepata kikwazo ambacho hakuna kanuni ya mishahara ingeweza kukitabiri.

Mashauri yanayozaliwa katika eneo hilo hayafanani na ya mji mkuu. Vita vya mwaka 1996 viliwatawanya wakazi wengi wa Fizi, ambao walivuka ziwa na kuishi makambini katika mkoa wa Kigoma nchini Tanzania, hasa Nyarugusu. Na walipoanza kurudishwa kwa meli hadi bandari ya Baraka, kuanzia mwaka 2005, wengine walikuta mashamba yao yanalimwa na watu waliokwisha kuyazoea. Katika nyanda za juu wakulima na wafugaji, Wabembe na Wanyamulenge wakiwa miongoni mwao, wamegombana miaka mingi juu ya malisho, njia za ng'ombe na itulo, yaani malipo ambayo mfugaji humpa mwenye ardhi au chifu ili mifugo yake ipite na kulisha. Kusini, machimbo ya dhahabu ya Misisi huvuta vijana, pesa na ugomvi. Huko Lusenda wakimbizi kutoka Burundi wamepewa hifadhi tangu mwaka 2015, nao wana ndoa, madeni na makosa yao kama watu wengine wote.

Shauri moja la itulo, likisikilizwa inavyotakiwa, humtaka hakimu aende mahali penyewe na awahoji wazee wa pande zote mbili, ambao huenda hawajakaa baraza moja kwa miaka. Pembeni ya shauri hilo liko shauri la aina nyingine kabisa, nalo ni ombi la hukumu ya kufidia cheti cha kuzaliwa, ambayo hutolewa kwa mtu ambaye hakuandikishwa kwa msajili ndani ya siku 90 tangu azaliwe. Maombi ya namna hiyo, ikiwa karatasi ziko tayari, yanaweza kumalizwa mengi katika asubuhi moja. Daftari la mahakama huyapa mashauri haya mawili mistari inayolingana, na hapo ndipo hesabu inayotegemea idadi tupu inapopotoka, kwa maana hakimu atakayelipwa kwa mistari atapenda vyeti na kuahirisha malisho. Hatafanya hivyo kwa sababu ya ubaya wa moyo. Atakuwa anatii tu kile ambacho serikali imemwambia kina thamani.

Lipo tatizo la pili, tena kubwa zaidi, ambalo wapenzi wa takwimu hulipita haraka. Mahakama iliyo mbali, isiyo na mafuta ya pikipiki na inayotoza ada ambazo mkulima hana, hupokea mashauri machache. Lakini uchache huo hauonyeshi kwamba watu wanapatana. Migogoro huenda kwingine: kwa chifu wa kijiji, ambaye mahakama zake za kimila zilitambuliwa na dekreti ya kikoloni ya mwaka 1926 na ambaye bado husikiliza watu, kwenye lubunga, baraza la wanaume wa Kibembe, au, inapokuwa mbaya, kwa kamanda wa kikundi chenye silaha, ambaye huamua upesi na kudai malipo yake papo hapo. Kipimo cha mzigo kinachosoma daftari peke yake kitasema kwamba mahakama kama hiyo haina kazi, kisha kitampunguzia hakimu wake malipo, naye ataomba uhamisho, na daftari litazidi kuwa jeupe.

Uzoefu wa nchi nyingine unafaa kutazamwa, ingawa hautoi jibu la moja kwa moja. Nchini Marekani meya wa North College Hill, katika jimbo la Ohio, alikuwa akihukumu kesi za pombe zama za marufuku, na kila mshitakiwa alipopatikana na hatia meya alipata dola 12 za gharama, ilhali aliyeachiliwa hakumletea chochote. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi ya Tumey, mmoja wa washitakiwa hao, iliamua kwamba mtu hawezi kuhukumiwa kwa haki na hakimu mwenye masilahi ya fedha katika hatia yake. Hispania ilijaribu njia ya kistaarabu zaidi. Sheria yake ya mwaka 2003 kuhusu malipo ya mahakimu iliweka sehemu inayobadilika, ambapo aliyevuka lengo la kazi kwa asilimia 20 alipewa nyongeza, na aliyeshindwa kufikia asilimia 80 alipunguziwa. Kila aina ya shauri ilikuwa na uzito wake, kwa hiyo kosa la kuhesabu mistari lilikuwa limeepukwa. Pamoja na uangalifu huo, kanuni zilizoweka vipimo hivyo zilifutwa na Mahakama Kuu ya Hispania mwaka 2006. Kama nchi yenye takwimu kamili na ofisi zenye umeme saa zote ilishindwa kumpimia hakimu mmojammoja mshahara wake, ni vigumu kuamini kwamba Fizi itaweza.

Hata hivyo ingekuwa kosa kudhani kwamba malipo yanayofuata kazi ni jambo geni huko. Yamekuwapo kwa miaka mingi, ila hayaitwi mshahara. Sheria ya Kongo inaruhusu mahakama kuondoka makao yake na kwenda kukaa popote ndani ya eneo lake, na utaratibu huo wa mahakama inayotembea umetegemea sana fedha za wafadhili kutoka nje, ambao hulipia usafiri, malazi na posho ya siku ya mahakimu, makarani na mawakili. Kesi iliyojulikana kuliko zote ilisikilizwa Baraka mwezi Februari 2011, pale Mahakama ya Kijeshi ya Kivu Kusini ilipomhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, kutokana na ubakaji uliofanywa na askari mjini Fizi tarehe 1 Januari ya mwaka huohuo. Kati ya kosa na hukumu hazikupita wiki 8. Wanawake waliodhulumiwa walitoa ushahidi karibu na kwao, jambo ambalo lisingewezekana kama wangetakiwa kusafiri hadi Bukavu.

Kesi ile ilithibitisha kwamba mahakama ya Kongo, ikipewa gari, mafuta na posho, hufanya kazi kwa kasi ambayo watu wengi walikuwa wameikatia tamaa. Ilionyesha vilevile, bila kukusudia, upungufu wa mpango wenyewe, kwani anayelipa posho ndiye anayechagua kesi, na mfadhili aliyekuja kwa ajili ya ubakaji na uhalifu wa kivita hana fungu la mpaka wa shamba la mihogo huko Mboko. Mjane anayenyang'anywa kiwanja na shemeji zake naye ana haki ya hakimu, hata kama shauri lake halitaandikwa katika ripoti yoyote.

Kutokana na hayo, wazo la kufungamanisha malipo na mzigo linaweza kuokolewa kwa sharti moja, kwamba kinachopimwa kiwe kituo cha kazi, kisiwe hakimu wala hukumu. Kituo kina umbali wake hadi kwenye rufaa, ukubwa wa eneo, idadi ya watu, hali ya barabara na idadi ya siku ambazo mahakama hulazimika kukaa nje ya makao. Mambo hayo yote hayabadiliki kwa sababu hakimu amemfunga mtu au amemwachilia. Nyongeza inayotolewa kwa msingi huo ingefanana na posho ya mazingira magumu wanayopewa watumishi wa umma wa Kenya walioko maeneo ya ukame, na mahakimu wote wa kituo wangeipata kwa kiwango kimoja. Tena isingekuwa na faida kama haikutanguliwa na watu wa kutosha, kwa kuwa mahakama ya amani hukaa na mahakimu 3 inaposikiliza jinai, na panapokuwa na wawili tu, wakamkosa wa kuazima kutoka kwa mawakili au ofisi ya mashtaka, mshitakiwa huendelea kungoja rumande. Uteuzi wa mahakimu wapya 2,500 mwaka 2023 ulikusudiwa kuziba mapengo ya namna hiyo. Kinachobaki ni kuwafanya wakubali kukaa walikopangiwa.

Fedha za nyongeza hiyo zina mahali pa kuombwa, kwani ibara ya 149 ya Katiba ya mwaka 2006 inalipatia Baraza Kuu la Mahakimu jukumu la kuandaa bajeti ya mahakama na kuipeleka serikalini iingizwe katika bajeti ya taifa. Ugumu ulio wazi zaidi uko chini, kwenye meza ya karani. Yeye ndiye anayeandika daftari, anayepokea ada, anayepanga kesi ipi iitwe lini na anayejua ni siku ngapi mahakama ilikaa nje. Lakini karani si hakimu, hahusiki na Baraza hilo, na huhesabiwa kama mtumishi wa kawaida wa serikali. Mpango wowote utakaompa hakimu pesa kwa kutegemea maandishi ya karani, na karani mwenyewe ukamwacha bila kitu, utakuwa umemfanya mtu anayelipwa kidogo kuliko wote katika jengo hilo kuwa mpanga mishahara ya wakubwa wake, na matabishi, yaani bakshishi, ambayo leo hutoka mfukoni mwa mkulima yatakuwa na mlango mwingine wa kuingilia. Kwa sababu hiyo, posho ya kituo haina budi kuanza na karani, na siku za kikao kijijini zithibitishwe kwa sahihi ya chifu wa mahali pamoja na ya wadai wenyewe, kabla ya karatasi hizo kupelekwa Uvira.