Kitanda cha mwalimu wa Kiingereza China kiko wapi?

Tangazo la kazi ya kufundisha Kiingereza China halikosi kutaja malazi. Maneno "chumba bure" huja mapema, pengine hata kabla ya mshahara, na ndiyo yanayomvuta kijana aliyemaliza chuo juzi na hajui kodi ya pango Shanghai ataitoa wapi. Lakini chumba hicho kinaeleza mengi kuliko mshahara. Ukijua mwalimu analala wapi, umekaribia kujua ameajiriwa na nani na kama kazi yenyewe ni halali.

Vitanda ni vya aina mbili. Cha kwanza kiko shuleni. Vyuo vikuu na shule nyingi za bweni humpa mwalimu mgeni nyumba ndogo ndani ya uzio, na mara nyingi humrudishia nauli ya ndege mkataba unapokwisha. Chuo kikuu hulipa kidogo kuliko shule binafsi, ila vipindi vyake navyo ni vichache. Cha pili kiko nyumbani kwa mzazi. Mwalimu hupewa chumba jirani na cha mtoto, hula na familia, humsomea mtoto hadithi kabla ya kulala na Jumapili hufuatana nao matembezini. Kwetu tungeiita kazi ya kulala, kama ya dada wa kazi, tofauti ikiwa kwamba huyu hashiki ufagio. Wachina humwita zhujia jiaoshi, mwalimu wa kukaa nyumbani.

Anayemleta mwalimu huyo ni mtihani. Katika gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu, Kiingereza kwa kawaida kina alama 150 kati ya 750, sawa na hisabati. Mwaka 2001 serikali iliamua somo hilo lianze kuingizwa darasa la tatu, na wazazi wa mijini wakaona hata hapo ni kuchelewa, wakaanzia chekechea. Tuisheni ikawa biashara ya kuuza hisa New York. Yu Minhong, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Peking, alianzisha New Oriental mwaka 1993. Miaka 20 baadaye ikazaliwa VIPKid, iliyowaunganisha watoto wa China na makumi ya maelfu ya walimu wa Amerika Kaskazini kwa njia ya video.

Julai 2021 Beijing ilikata shina. Sera ya kupunguza mizigo miwili, yaani kazi za nyumbani na tuisheni, ilipiga marufuku kampuni kutengeneza faida kwa masomo ya mtaala kwa watoto wa elimu ya lazima, darasa la kwanza hadi la tisa. Masomo hayo yakazuiwa wikiendi na likizo. Kuajiri walimu walio nje ya nchi kukakatazwa pia, na VIPKid ikaacha kuuza vipindi vya walimu hao ndani ya China. Yu mwenyewe alieleza kwamba New Oriental iliachisha kazi watu 60,000 mwaka huo. Madawati na viti vilivyobaki, karibu seti 80,000, vilipelekwa shule za vijijini. Kampuni ikageukia kuuza mazao ya shamba mubashara mtandaoni, na katikati ya 2022 mwalimu wake wa zamani wa Kiingereza, Dong Yuhui, akawa nyota kwa kunadi nyama ya ng'ombe huku akiandika msamiati ubaoni. Sijui biashara nyingine iliyofiwa na msingi wake ikapata riziki kwa namna ya kuchekesha kiasi hicho.

Mtihani, hata hivyo, haukufutwa. Alama 150 zilibaki palepale, na mwenye fedha akamwingiza mwalimu ndani ya nyumba. Serikali ililiona hilo upesi. Septemba mwaka huohuo Wizara ya Elimu ilitoa waraka uliotaja kwa jina njia za kujificha: mwalimu wa kukaa nyumbani, huduma za nyumbani za hali ya juu, na wazazi kuchanga fedha kumkodi mwalimu mmoja. Kanuni za adhabu zilizoanza Oktoba 2023 zikaweka faini inayoweza kufika yuan 100,000 kwa anayeendesha mafunzo hayo bila kibali.

Kwa mgeni kuna kamba ya pili, nayo ni ya uhamiaji. Mgeni anayefanya kazi kinyume cha sheria iliyoanza Julai 2013 hutozwa faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito huwekwa kizuizini siku tano hadi 15. Kazi halali huanzia kwenye viza ya Z, kisha ndani ya siku 30 za kuingia unaomba kibali cha ukaazi. Kibali cha kazi hubeba jina la mwajiri mmoja, na kumfanyia mwingine ni kosa. Hapo ndipo mwalimu wa kulala anaponasa. Mgeni asiyelala hotelini lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24, kwa anwani ya nyumba anayokaa. Familia ikikubali kumwandikisha, imejiandika na yenyewe.

Wakala hulijua hilo. Ndiyo maana humwambia kijana aje kwa viza ya mwanafunzi au ya matembezi, "mengine tutarekebisha ukifika." Maneno hayo huwafikia sana Waafrika Mashariki, na sababu ni pasipoti. Kwa kibali cha mwalimu wa lugha, China hutaka shahada, uzoefu wa miaka miwili au cheti cha kufundishia, na mtu mwenye Kiingereza kama lugha mama, ambaye kwa desturi ni raia wa Marekani, Uingereza, Ireland, Kanada, Australia, New Zealand au Afrika Kusini. Kiingereza ni lugha rasmi Kenya na Uganda, lakini kwenye orodha hiyo Mkenya na Mganda kwa kawaida hawamo. Matangazo mengine yamewahi kusema waziwazi kwamba yanataka Mzungu. Aliyeingia kwa mlango wa nyuma hukubali posho badala ya mshahara, na akidhulumiwa hana ofisi ya kushitaki bila kujishitaki mwenyewe. Mwalimu wetu wa hisabati au fizikia mwenye shahada na miaka kadhaa darasani ana njia safi zaidi, shule za kimataifa, zinazomwajiri kwa somo lake.

Soko lenyewe linasinyaa kutoka chini. Mwaka 2016 China ilipata watoto milioni 17.86, mwaka 2023 milioni 9.02, na katika mwaka huo mmoja chekechea zilipungua kwa 14,808. Chekechea ndizo zilizokuwa zikiwachukua wageni wasio na uzoefu. Nafasi zikipungua huko, ahadi za chumba bure kwa familia zitazidi, na swali la kumuuliza wakala kabla ya kukata tiketi ni moja: fomu ya polisi itaandikwa anwani ya nani, na anwani hiyo inahusiana vipi na mwajiri aliyetajwa kwenye kibali changu?