Uzalendo na Bei Mbili

Ingia duka la vifaa vya ujenzi hapa Kawe uulize bei ya bati. Mara nyingi utatajiwa bei mbili: ya risiti, na ile isiyo na risiti, ambayo ni nafuu. Wengi huchukua ya pili. Je, wamekosa uzalendo?

Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, Oktoba 1978, nilikuwa sijazaliwa, lakini wazee husimulia kama jambo la jana. Novemba 2 Mwalimu alilihutubia Taifa, akaeleza kwa nini tunapigana. Wanamgambo wakaingia vitani kwa maelfu. Wananchi wakatoa ng'ombe, vyakula na magari. Aprili 11, 1979, Kampala ikatekwa.

Kisha tukaambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikaisha, foleni za sukari na sabuni zikabaki, na ulanguzi ukashamiri. Watu ni walewale! Sidhani kuwa mapenzi yao kwa nchi yalikwisha. Aliyetoa ng'ombe alijua anakwenda kulisha askari; aliyefunga mkanda hakuonyeshwa mwisho wake.

Mashine za risiti zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na mimi naziunga mkono. Lakini mashine inaonyesha kodi iliyokatwa, haionyeshi mtaro iliouchimba. Ofisi ya serikali ya mtaa ina ubao wa matangazo. Mapato na matumizi yabandikwe pale, kwa herufi kubwa, kabla hatujamhubiria mnunuzi wa bati.