Je, Wajua? Pampu ya Usukani Haiibi Mbio za Gari

Kila walipo watu wanaopenda kuliongezea gari mbio, hapakosi ushauri huu: ng'oa pawa stelingi. Toa mkanda, toa pampu, toa mabomba na kopo la mafuta yake. Gari litapungua uzito, injini itapumua, na dereva ataanza kuisikia barabara mikononi. Ushauri huo una ahadi tatu ndani yake, na hazilingani hata kidogo. Mbili za kwanza zikipigiwa hesabu hubaki makombo. Ya tatu ni kweli, tena kweli tamu, lakini ni ya magari machache yaliyokusudiwa kuongozwa kwa nguvu za mikono tangu yakiwa michoro. Gari ambalo halikukusudiwa hivyo, likishang'olewa pampu, mara nyingi huharibika tabia kwenye kona, palepale mwenye gari alipotaka kupata faida.

Tuanze na nguvu za injini. Kazi ya pampu hutegemea presha na kiasi cha mafuta yanayosukumwa. Chukua pampu ya gari dogo inayosukuma lita 8 kwa dakika. Gari likiwa limesimama na usukani umekatwa mpaka mwisho, presha inaweza kufika ba 100, na hapo pampu inatoa takriban kilowati 1.3, chini kidogo ya nguvu za farasi 2. Lakini hakuna anayeshindana huku anaegesha. Gari likinyoosha barabara, mafuta huzunguka bila kizuizi kikubwa, presha hushuka hadi ba chache, na kazi yenyewe huwa chini ya wati 100. Ongeza msuguano wa mkanda, ongeza mafuta ambayo pampu huyazungusha bure ndani yake injini inapokimbia, na hesabu itapanda mara kadhaa. Mbele ya injini ya kilowati 80, bado ni kidogo kiasi kwamba matairi yenye upepo pungufu yanaweza kukimeza. Uzito nao ni vivyo hivyo. Vifaa vyote vinavyong'olewa kwenye gari dogo kwa kawaida havizidi sana kilo 10. Lita moja ya petroli ina uzito wa kama kilo 0.75, kwa hiyo anayetafuta wepesi wa namna hiyo angeupata kwa kuacha lita 13 za mafuta kwenye kituo.

Pampu hii haikubuniwa kwa ajili ya starehe tu. Francis Davis, mhandisi wa Marekani aliyefanya kazi upande wa malori katika kampuni ya Pierce-Arrow, aliona jinsi madereva walivyohangaika na usukani wa magari mazito, akajenga mfumo wa mafuta na kuuonyesha kwa watengenezaji mwaka 1926. Wanunuzi wa magari ya kawaida walisubiri hadi mwaka 1951, Chrysler ilipouweka kwenye Imperial. Kabla ya hapo wahandisi walikuwa na njia mbili kuu za kumpunguzia dereva mzigo: usukani mpana, kama ule wa malori ya zamani, na meno ya gia yanayomlazimu kuzungusha sana ili magurudumu yageuke kidogo. Pampu ilipokuja, usukani ukaweza kuwa mdogo, mizunguko ikapungua, matairi yakaongezwa upana, na mhimili ambao gurudumu hugeukia ukaweza kulazwa nyuma zaidi ili gari litulie kwenye mwendo mkubwa. Haya yote hayaondoki pampu inapoondoka. Hubaki palepale, na mzigo wake wote huhamia mabegani mwa dereva.

Sasa ile ahadi ya tatu, ambayo inastahili heshima. Tairi linapokata kona, nguvu ya kulivuta ubavuni haikai katikati ya sehemu inayogusa lami. Hukaa nyuma kidogo ya katikati. Umbali huo mdogo ndio mojawapo ya mambo yanayofanya usukani utake kurudi wenyewe. Tairi likikaribia kikomo cha kushika, mpira wa nyuma ya eneo lile la mguso ndio unaotangulia kuteleza, nguvu inasogea mbele, na usukani unakuwa mwepesi ghafla mikononi kabla gari lenyewe halijaanza kutoka nje ya njia. Ni onyo linalokuja mapema, tena bila kutazama saa yoyote. Kwenye pawa stelingi ya mafuta, onyo hilo hupitia kijiti cha chuma kilichomo ndani ya sanduku la usukani. Dereva anapogeuza, kijiti kinasokoteka nyuzi chache, vali inafunguka, mafuta yanaingia upande mmoja wa pistoni na kufanya sehemu kubwa ya kazi. Kwa kuwa mikono inabeba sehemu ndogo tu ya mzigo, inapata pia sehemu ndogo tu ya habari. Mfumo uliosanifiwa vizuri hubakiza ya kutosha. Uliosanifiwa kwa kutafuta wepesi peke yake huizima.

Ndiyo maana yako magari makubwa kwa jina yaliyoikataa pampu kwa makusudi. McLaren F1 ya mwaka 1992 haina. Lotus Elise ya mwaka 1996 haina, wala Alfa Romeo 4C ya mwaka 2013. Lakini tazama yanavyofanana: injini zote tatu ziko nyuma ya dereva, kwa hiyo sehemu ndogo ya uzito ndiyo inayoyalemea magurudumu ya mbele. Elise ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 700 na ushei, na matairi yake ya mbele yalikuwa na upana wa milimita 185 tu. Linganisha na Subaru Impreza, gari linalopendwa sana na vijana wa Nairobi: injini yake imekaa mbele kabisa, ikitangulia ekseli ya mbele. Kuling'oa pampu gari kama hilo hakulipi hisia za Elise. Kunalipa usukani mzito.

Mtetezi wa kung'oa atasema kwamba magari ya mbio ya IndyCar na ya Formula 2 hayana pawa stelingi, na yanakwenda kasi kuliko chochote kinachopita barabarani. Ni kweli. Ila hapo ni kanuni inayowafunga wote kwa pamoja, na madereva hulipia kwa mazoezi makali ya mikono na mabega. Ushahidi ulio bora uko pale ambapo timu zinaruhusiwa kuchagua. Formula 1 inaruhusu msaada wa mafuta, na timu zinazohesabu gramu za kila skrubu bado zinaubeba. Magari ya mbio za dunia za rali, yale yanayotimua vumbi Naivasha kwenye Safari Rally, yanaubeba pia, kwa sababu nyuma ya gari ikianza kuteleza dereva hana muda wa kushindana na usukani. Mkono uliochoka huchelewa, na kuchelewa huko ni hasara kubwa kuliko ile kilowati.

Kuna hoja nyingine yenye nguvu: mabomba huvuja, na mafuta yakimwagika kwenye ekzosi ya moto yanaweza kuwaka. Dawa yake kwa gari la mbio ni mabomba mapya na kipoza mafuta. Kwa anayetaka kweli usukani wa mikono, njia halali ni kutafuta gari jepesi lililouzwa kiwandani kwa namna zote mbili, kama Mazda MX-5 ya mwaka 1989, na kulifungia sanduku lake halisi lisilo na pampu, akikubali kwamba atazungusha zaidi. Kuacha sanduku la pampu na kuunganisha tu mabomba yake ni kazi ya nusu. Sili za pistoni zinaendelea kukwaruza, na kile kijiti kinasokoteka bure kabla magurudumu hayajasikia, kwa hiyo usukani unakuwa mzito na mlegevu kwa wakati mmoja.

Wengine hujitetea kwamba gari lazima liongozeke hata msaada ukifa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 79 inalitaka hilo, lakini sikiliza viwango vyake: kwa gari dogo, nguvu ya mikono isizidi nyutoni 150 mfumo ukiwa mzima, na 300 ukiwa umeharibika, sawa na kunyanyua kilo 30 hivi. Kiwango hicho cha pili ni cha kulitoa gari hatarini na kulifikisha gereji. Na kwenye magari mapya mengi hakuna hata pampu ya kung'oa. Kuna mota ya umeme. Ukichomoa fyuzi yake, mota na gia zake zinabaki zimeshikana na usukani, na dereva anazizungusha zote kwa mikono yake kila anapokata kona.