Unanunua Gari la Dizeli Lililotumika? Kagua Kwanza, Lipa Baadaye

Pesa ya gari haikusanywi kwa siku moja. Wateja wetu wengi huiweka polepole: elfu mbili leo, elfu tano mwisho wa mwezi, zamu ya chama ikifika inaongezwa, mkopo wa sacco unamalizia. Halafu siku ya kununua, akiba ya miaka mitatu au minne inaondoka kwa PIN moja.

Kazi yetu ni kuhakikisha pesa yako imefika ulikoituma. Ila kuna jambo moja ambalo hakuna mfumo wa malipo unaweza kukufanyia: kujua kama hicho unacholipia kina thamani hiyo. Kwa gari la dizeli lililotumika, swali hili lina uzito zaidi. Injini ya dizeli iliyotunzwa inakufanyia kazi miaka mingi. Iliyochoka, na hasa hizi za kisasa, inaweza kukuweka gerejini hadi ujutie siku uliyoiona. Twende hatua kwa hatua.

Kwanza, dizeli inakufaa kweli?

Watu wengi hupenda dizeli kwa sababu mbili: inakula mafuta kidogo na ina nguvu ya kubeba. Zote ni kweli. Lakini faida ya mafuta inategemea unaendesha kiasi gani, kwa hivyo piga hesabu kabla ya kupiga simu kwa muuzaji.

Chukua mfano huu. Gari la petroli linaenda kilomita 10 kwa lita, la dizeli kilomita 14. Tuseme lita ya mafuta yote mawili ni Sh170 ili hesabu iwe rahisi. Bei halisi utaipata kwa EPRA, ambayo huitangaza tarehe 14 ya kila mwezi.

- Ukiendesha kilomita 400 kwa mwezi, utaokoa kama Sh1,900. Kwa mwaka ni Sh23,000 hivi.
- Ukiendesha kilomita 1,500 kwa mwezi, utaokoa kama Sh7,300. Kwa mwaka ni zaidi ya Sh87,000.

Unaona tofauti? Anayepeleka mboga kutoka Kinangop hadi Nairobi mara tatu kwa wiki ana sababu ya kununua dizeli. Anayetoka Umoja kwenda mjini na kurudi, akikaa kwenye foleni saa nzima, huenda akaokoa mafuta ya elfu ishirini kwa mwaka na kuyamaliza yote kwa fundi siku moja. Huyo petroli inamtosha kabisa, na hakuna aibu.

Usinunue gari kwa pesa zako zote

Hapa ndipo wengi huumia. Mtu ana Sh800,000, anatafuta gari la Sh800,000. Wiki ya pili taa inawaka kwenye dashibodi na mfuko hauna kitu.

Ukiwa na Sh800,000, tafuta gari la karibu Sh650,000. Zile Sh150,000 zilizobaki ziweke kando kabisa kwa ajili ya fundi wa kukagua, ada ya kuhamisha umiliki, bima, na sevisi ya kwanza. Sevisi ya kwanza si hiari. Badilisha oili, kichujio cha oili, cha hewa na cha dizeli hata kama muuzaji ameapa kwamba alibadilisha juzi. Kama gari linatumia mkanda wa taiming na hakuna risiti ya kuonyesha ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Mkanda huo ukikatika ukiwa barabarani, injini inaweza kuharibika hapo hapo.

Ya zamani au ya kisasa?

Injini za dizeli utakazokutana nazo sokoni ni za aina mbili kubwa.

Kuna zile za pampu ya kawaida, zisizo na kompyuta nyingi: Hilux na Hiace za zamani zenye injini za 3L na 5L, au pikapu za Isuzu zenye 4JA1. Haziendi mbio, zina kelele, na mlima unazikuta zikihema. Lakini fundi wa Kitale, wa Garissa au wa Kisii anazijua, na spea hazikosekani. Kama gari ni la shamba au biashara na uko mbali na mji mkubwa, usizidharau.

Halafu kuna za kisasa, ambazo husukuma dizeli kwa presha kubwa sana kupitia injekta za umeme. Zina nguvu, hazina kelele nyingi, zinabana matumizi ya mafuta. Shida ni kwamba hazivumilii uchafu. Maji kwenye dizeli, au dizeli iliyochanganywa na mafuta taa, huharibu pampu na injekta haraka. Mchezo huo wa kuchanganya ulikuwa mkubwa hadi serikali ikaweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka 2018. Kwa hivyo muulize muuzaji amekuwa akijaza wapi, na ukishalinunua, kaa na vituo unavyoviamini.

Magari mengi ya kisasa kutoka Japani, kama vile Mazda CX-5 na Demio za dizeli, pia yana kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi. Kichujio hiki hujisafisha chenyewe kwa kuchoma masizi, lakini kinahitaji gari lipate moto vizuri kwenye barabara ndefu. Likiishi kwenye foleni na safari za dakika kumi, masizi yanajaa, na dizeli inaweza kuteremka na kuchanganyika na oili. Kumbuka pia kwamba Japani dizeli yao ina salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, huku kiwango tulichoanza nacho mwaka 2015 kikiwa 50. Gari halijabadilika, ila chakula chake kimebadilika.

Tusieleweke vibaya, si kwamba magari haya ni mabaya. Tunachosema ni kwamba yanamfaa mtu wa safari ndefu mwenye fundi anayeyajua. Ukiuziwa moja kwa bei ya kutupa, jiulize kwa nini linatupwa.

Likague likiwa baridi

Hii ndiyo siri kubwa zaidi ya dizeli. Injini ikishapata moto, inaficha magonjwa mengi. Kwa hivyo mwambie muuzaji mapema: "Boss, naja asubuhi. Tafadhali usiwashe gari kabla sijafika." Ukifika, gusa boneti. Ukiikuta na joto, mwambie utarudi kesho. Na urudi kweli.

Likiwa baridi, fanya haya:

1. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ya dizeli kuwa nyeusi ni kawaida. Ila kama kiwango kimepita alama ya juu na oili inanuka dizeli, jihadhari. Kwenye Mazda za dizeli kuna alama ya X juu ya kijiti. Oili ikiikaribia, ina dizeli ndani.
2. Fungua kifuniko cha rejeta. Maji yasiwe na utando wa mafuta. Usifungue kamwe injini ikiwa moto.
3. Washa, usikanyage mafuta. Inapaswa kushika haraka na kutulia. Ikihangaika kushika, au ikitetemeka kama ina baridi ya Limuru, huenda ni injekta, plagi za kupasha moto, au mgandamizo wa injini umeshuka.
4. Tazama moshi. Moshi mweupe kidogo asubuhi si tatizo. Ukiendelea hata injini ikipata moto, ni dizeli isiyoungua au maji yanayoingia ndani. Wa bluu ni oili inaungua. Mweusi mzito ukikanyaga mafuta ni dalili ya injekta mbovu, kichujio cha hewa kilichoziba, au tabo yenye shida.
5. Injini ikiwa inanguruma, fungua taratibu kifuniko cha kuwekea oili. Hewa kidogo ni sawa. Ikivuma kwa nguvu kama sufuria inayochemka, ringi za pistoni zimechoka. Hapo aga kwa heshima uondoke.
6. Liendeshe angalau dakika 30, na lipande mlima. Likose nguvu ghafla, lipige mluzi usio wa kawaida au joto lipande, umeshajua.

Baada ya hapo mlete fundi wako mwenyewe, sio yule "anayefahamiana na yadi". Awe na mashine ya kusoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari. Mlipe kwa kazi ya kukagua, usimlipe kwa gari kununuliwa. Fundi anayelipwa tu ukinunua, atakuambia ununue.

Na usiabudu mita ya kilomita. Mita hurudishwa nyuma. Pedali zilizolika, usukani unaong'aa na kiti kilichobonyea husema ukweli ambao mita inauficha.

Karatasi kabla ya pesa

Gari likipita mtihani wa fundi, lipitishe wa karatasi. Kwa Sh550 unaweza kutafuta rekodi ya gari kwenye huduma za NTSA kupitia eCitizen. Linganisha jina la mmiliki na kitambulisho cha anayekuuzia. Linganisha nambari ya chesi na ya injini na zilizopo kwenye gari lenyewe, kwa macho yako.

Ukiona jina la kampuni ya mikopo limeandikwa pamoja na la muuzaji, gari hilo lina deni. Ahadi ya "nitalipa hiyo loan ukinipa pesa" isikulegeze. Tangu 2017 pia kuna sajili ya dhamana za mali zinazohamishika, ambako mkopeshaji anaweza kuandikisha haki yake juu ya gari. Itafute nayo. Gari lenye deni linaweza kuchukuliwa hata kama wewe umelipa kila shilingi.

Ada za serikali, pamoja na hizi za NTSA, hulipwa kupitia Paybill 222222. Mtu akikuambia umtumie kwa nambari yake "akusaidie kufuatilia", huyo anajisaidia.

Siku ya kulipa

Haya sasa ndiyo mambo yetu, kwa hivyo tusikilize vizuri.

Usitume "ya kushikilia gari" kabla ya kuliona. Tangazo lina picha safi, bei iko chini kuliko kwingine, na muuzaji "yuko safarini". Anataka Sh20,000 tu ili asimpe mtu mwingine. Hivi ndivyo watu wengi hupoteza pesa. Kizuri chajiuza, hakina haja ya kukukimbiza.

Jua vikomo vyako. Kwa simu, muamala mmoja hauzidi Sh250,000 na kwa siku hauzidi Sh500,000. Gari la Sh650,000 haliwezi kulipwa lote kwa simu siku moja. Usikubali kugawa malipo kwa nambari tatu za watu usiowajua ili kuzunguka kikomo. Lipa sehemu kubwa kupitia benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye rekodi ya NTSA.

Soma jina kabla ya kuweka PIN. Likija jina tofauti na la mwenye gari, simama. "Ni ya wife" si jibu.

Andikeni mkataba. Uwe na majina, nambari za vitambulisho, nambari ya chesi, bei, kiasi kilicholipwa na tarehe. Hifadhi ujumbe wa malipo, usiufute.

Bakisha kitu hadi umiliki uhamishwe. Muuzaji aanzishe uhamisho kwenye mfumo mkiwa pamoja, nawe uukubali kwenye akaunti yako. Mkubaliane kwa maandishi kwamba sehemu ya mwisho inalipwa hapo.

Muuzaji mwaminifu hatakasirishwa na haya yote. Naye anataka gari litoke kwenye jina lake, lisije likafanya ajali likiwa bado lake kwenye rekodi. Anayekasirika kwa sababu umeomba kuona logibuku amekwisha kukujibu.

Na kama baada ya magari manne bado hujapata linalofaa, usijione umepoteza muda. Pesa bado iko kwako, na Jumamosi ijayo kuna gari la tano. Tuma makala haya kwa mwenzako wa chama ambaye zamu yake imekaribia. Huenda anaenda kuona gari wikendi hii.