Dayimoni Alikuwa Nani Kabla ya Kuwa Adui?

Jioni moja, katika mtaa wetu wa Kamembe hapa Rusizi, mtoto wa jirani alianguka ghafla uani. Viungo vilikakamaa, povu likamtoka kinywani. Watu wakajaa. Mzee mmoja akatamka kwa Kinyarwanda, "Ni abadayimoni." Papo hapo tukarudi nyuma, nami nikiwamo, kwa kuogopa hata kugusa lile povu. Mama mtu akabaki peke yake na mwanawe.

Ndugu msomaji, neno lile lilinikaa moyoni. Sisi wasemao Kiswahili, hapa na ng'ambo ya mto kule Bukavu, twasema pepo. Biblia ya Kinyarwanda husema abadayimoni, na neno hilo asili yake ni Kigiriki cha kale: daimon. Limesafiri zaidi ya miaka 2,500 hadi kufika katika ua wa jirani yangu. Lakini lilifika nusu.

Kwa Wagiriki wa kale, daimon hakuwa lazima adui. Alikuwa mwenye nguvu kati ya miungu na wanadamu, naye aliweza kuwa mwema au mbaya. Mshairi Hesiod, aliyeishi karibu na mwaka 700 K.K., alieleza kwamba watu wa kizazi cha kwanza, kizazi cha dhahabu, walipokufa waligeuka daimon walinzi wa wanadamu. Babu zetu wa Rwanda wangelimwelewa mara moja, maana nao waliamini kwamba abazimu, yaani wafu wa ukoo, huwalinda walio hai, na huwaadhibu wakisahauliwa.

Naye Socrates wa Athens, mwanafalsafa aliyepata kuwa askari vitani, alisema kwamba tangu utoto alisikia sauti ya namna hiyo. Sauti hiyo haikumsukuma kutenda jambo. Ilimzuia tu alipotaka kukosea. Mwaka 399 K.K. alishtakiwa, pamoja na mengine, kwa kuleta mambo mapya ya daimon, akahukumiwa kunywa sumu.

Baadaye Wakristo walioandika kwa Kigiriki walilitumia neno hilo kwa pepo wabaya tu. Watumishi wema wa Mungu waliitwa malaika. Basi wafasiri wa Biblia walipotuletea neno hilo, ule upande wa mlinzi ulikuwa umekwisha sahauliwa.

Wala si wahenga wote wa Kigiriki waliosingizia pepo kila ugonjwa. Katika maandishi ya utabibu yanayohusishwa na jina la Hippocrates, ya karne ya 5 K.K. au mwanzo wa ile iliyofuata, imeandikwa kwamba ugonjwa wa kuanguka, ulioitwa mtakatifu, hauna uungu kuliko magonjwa mengine. Chanzo chake ni ubongo, na wanaousingizia miungu huficha ujinga wao.

Ugonjwa huo ndio kifafa, au igicuri kwa Kinyarwanda. Hauambukizi. Povu lile ni mate tu. Mtu akianguka, ondoa vitu vigumu karibu naye, mlaze kiubavu, wala usimtie kijiko wala kitu chochote kinywani. Degedege likizidi dakika 5, mkimbize hospitali. Wagonjwa wengi wakimeza dawa kila siku bila kukatiza, huishi bila kuanguka tena. Anayetaka kuomba na aombe, lakini dawa isiachwe.

Mtoto yule alifikishwa kituo cha afya siku ya tatu, baada ya mama yake kuzungushwa kwa waombeaji na waganga. Leo anameza dawa, na anasoma. Wahenga walinena: mdhaniaye ndiye, kumbe siye.

Mimi bado nafikiri juu ya ile sauti ya Socrates, iliyojua kukataza tu. Jioni ile ingalitosha iniambie neno moja: usirudi nyuma.