Kishikwambi chaweza kuwa ofisi ya kikundi, lakini piga hesabu kwanza

Na Mwandishi Maalumu, Muleba

KATIBU wa kikundi kimoja cha wakulima wa kahawa alipanda haisi pale Kagoma, wilayani Muleba, akiwa amelifunika kauntabuku lake kwa koti ili lisilowe. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Ndani ya daftari hilo kulikuwa na muhtasari wa mkutano, orodha ya wanachama na barua ya kuomba mkopo, vyote vimeandikwa kwa mkono.

Alikuwa akienda mjini kuchapisha, na hiyo ilikuwa safari yake ya tatu kwa barua hiyohiyo. Mara ya kwanza alikuta umeme umekatika. Mara ya pili mchapaji alikosea majina mawili pamoja na kiasi cha fedha, na makosa hayo yakaonekana baada ya kurudi kijijini.

"Mwanangu, nauli imekwishazidi bei ya kuchapa," aliniambia mzee huyo, ambaye ni mwalimu mstaafu.

Tulipofika steshenari tulikuta foleni. Nilitoa kishikwambi changu na kibodi yake ndogo, nikamwomba anisomee. Barua ilipokwisha aliipitia mwenyewe kwenye kioo, akasahihisha majina, tukaihamishia kwenye flashi na kutoa nakala mbili. Kisha akauliza: "Kikundi kikinunua kitu kama hiki, si tutaachana na safari hizi?"

Swali hilo linawahusu viongozi wengi wa vikundi, vyama vya msingi na wenye maduka katika Bukoba na Muleba. Jibu lake si ndiyo wala hapana ya moja kwa moja. Linategemea mnaandika kiasi gani kwa mwezi.

Maandishi ni fedha

Wapo wanaodhani kazi ya mkulima ni jembe tu na kuandika ni kazi ya ofisi. Ukweli ni kwamba tangu Serikali ilipoelekeza mwaka 2018 kahawa ya wakulima iuzwe kupitia vyama vya ushirika, kazi ya kuandika vijijini imeongezeka. Kuna orodha za wanachama, taarifa za kilo zilizopokelewa, mihtasari ya vikao na barua za kila aina.

Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 nayo inavitaka vyama vitunze vitabu na hesabu zake na kukaguliwa. Mkaguzi anapokuja hatazami sura ya mwenyekiti, anatazama kumbukumbu.

Kwa upande wa mkoa wa Kagera, jambo hili linagusa tatizo la miaka mingi la butura, yaani mkulima kuuza kahawa ikiwa bado mtini, wakati mwingine ikiwa maua, kwa bei ya kutupa kwa sababu ana shida ya ada au matibabu. Butura imepigwa vita na viongozi kwa vipindi mbalimbali, lakini shida inayoizaa haiondoki kwa amri peke yake.

Mkulima aliye katika kikundi chenye kumbukumbu safi za kilo alizopeleka msimu baada ya msimu ana kitu cha kumwonyesha mkopeshaji. Asiye na kumbukumbu ana maneno matupu, na mwenye butura ndiye pekee anayemsikiliza.

Kifaa chenyewe

Kishikwambi, ambacho wengine hukiita tableti, ni kompyuta bapa inayoshikwa mkononi, kubwa kuliko simu na ndogo kuliko kompyuta mpakato. Vifaa vya aina hii vilianza kuenea duniani baada ya kampuni ya Apple kuingiza sokoni iPad mwaka 2010, na vile vinavyotumia Android vikafuata mwaka huohuo.

Watanzania wengi walikifahamu wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa navyo badala ya madodoso ya karatasi. Hesabu ile ilipata watu 61,741,120 nchi nzima, kati yao 2,989,299 wakiwa mkoani Kagera. Baada ya sensa, vishikwambi vilipelekwa kwa walimu. Kabla ya hapo, mwaka 2019, Bunge nalo lilikuwa limeanza kuvitumia ili kupunguza makabrasha ya karatasi.

Hata hivyo, tusichanganye mambo. Karani wa sensa alikuwa akichagua majibu na kujaza namba. Katibu wa kikundi anaandika kurasa tatu za muhtasari. Hizo ni kazi mbili tofauti, na anayenunua kishikwambi kwa kazi ya pili anahitaji vitu vya ziada.

La kwanza ni kibodi ya kubonyeza. Kuandika kurasa nzima kwa kugusa kioo kunachosha, na nusu ya kioo hufunikwa na herufi. Kibodi ndogo ya Bluetooth, au ile inayokuja pamoja na kava, hukigeuza kifaa kuwa mashine ya kuandikia.

La pili ni ukubwa. Kioo cha inchi 10 kinafaa kwa barua na mihtasari. Cha inchi 7 kinafaa kusomea, si kuandikia.

La tatu ni kupanga lugha. Kifaa kikiachwa katika Kiingereza hubadilisha maneno ya Kiswahili bila kuomba ruhusa, na unaweza kutuma barua yenye maneno ambayo hukuyaandika. Fungua mipangilio ya kibodi, ongeza Kiswahili, na zima usahihishaji wa moja kwa moja.

Tangu mwaka 2017 Google imewezesha pia kuandika kwa kusema kwa Kiswahili. Inasaidia kwa rasimu, lakini kila namba na kila jina la mtu lihakikiwe kwa macho. Majina yetu ya Kihaya huiyumbisha sana.

Programu za kuandikia zipo. Google Docs ni ya bure na hufanya kazi hata bila intaneti, mradi uwe umeiandaa hivyo mapema. Microsoft Word nayo ipo kwa vishikwambi, ingawa baadhi ya huduma zake zinalipiwa.

Hesabu ya faida na hasara

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa wananunua kwanza na kupiga hesabu baadaye. Tuchukue mfano. Bei nitakazotumia ni za kukadiria tu, msomaji aweke za kwake.

Tuseme kishikwambi, kibodi na kava vimegharimu Sh600,000 na vitadumu miaka mitatu. Gawanya kwa miezi 36, unapata karibu Sh16,700 kwa mwezi. Ongeza bando la Sh5,000 na kuchaji Sh2,000. Jumla ni Sh23,700 kila mwezi, uandike au usiandike.

Sasa chukua kikundi kinachochapisha kurasa 12 kwa mwezi kwa Sh1,000 kila moja, katika safari nne za Sh4,000 kwenda na kurudi. Kinatumia Sh28,000. Kikiwa na kishikwambi bado kitahitaji kutoa nakala mjini. Kurasa 12 kwa Sh200 ni Sh2,400, na safari moja ni Sh4,000. Jumla ni Sh6,400.

Kwa hiyo kimeokoa Sh21,600, wakati kifaa kinagharimu Sh23,700. Kikundi hiki kimepata hasara ya Sh2,100 kwa mwezi. Kibaki na kauntabuku.

Chukua kikundi kingine chenye kurasa 20 na safari sita. Kinatumia Sh44,000. Kwa kishikwambi, kutoa nakala ni Sh4,000 na safari mbili ni Sh8,000, jumla Sh12,000. Kimeokoa Sh32,000, na ukitoa gharama ya kifaa kinabaki na Sh8,300 kila mwezi.

Tofauti ya vikundi hivi viwili ni kurasa nane na safari mbili tu. Ndiyo maana ushauri wa kwamba kila kikundi kinunue kishikwambi si ushauri mzuri, na ule wa kwamba kifaa hiki ni anasa nao si sahihi.

Ipo faida isiyoonekana kwenye hesabu hiyo. Barua ya mwaka jana haiandikwi upya, inafunguliwa na kubadilishwa tarehe na takwimu. Kosa la jina linasahihishwa palepale kikaoni, wenye majina wakiwapo.

Umeme na jua

Kwa miaka mingi Bukoba na maeneo jirani yamekuwa yakipokea umeme kutoka Uganda, na kukatika kwake si habari ngeni kwa mwenye steshenari. Hapa kishikwambi kina nafuu kubwa.

Betri ya milliampea-saa 7,000 hubeba nishati ya takriban wati-saa 27. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake inaweza kula wati 100 au zaidi. Maana yake ni kwamba umeme unaoiendesha kompyuta hiyo kwa saa moja unatosha kujaza kishikwambi karibu mara tatu, hata baada ya kuhesabu unaopotea njiani.

Paneli ya sola ya wati 20, siku yenye jua la kutosha, inaweza kujaza kishikwambi na simu moja au mbili. Lakini tukumbuke mahali tulipo. Mji wa Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na zipo siku ambazo jua halionekani kabisa. Chaji mapema, usingoje asubuhi ya mkutano.

Kinapokwama

Kwa jedwali kubwa la wanachama 400 lenye safu nyingi, kishikwambi kinachosha macho na vidole. Kazi hiyo ni bora ifanyike kwenye kompyuta, au igawanywe kwa vitongoji ili kila jedwali liwe fupi.

Baadhi ya tovuti na mifumo ya kujaza fomu hufunguka vizuri zaidi kwenye kompyuta. Printa nazo si zote zinazoelewana na kishikwambi. Njia rahisi ni kuhifadhi barua kama faili la PDF na kulipeleka steshenari kwa flashi. Faili la namna hiyo haliparanganyiki mistari linapofunguliwa kwenye mashine nyingine.

Muhtasari utolewe kwenye karatasi, usainiwe na mwenyekiti na katibu, na uwekwe kwenye jalada. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki, lakini jalada lenye saini na muhuri bado ndilo linalomaliza ubishi kikaoni.

Usiweke mayai yote kikapu kimoja

Mimi mwenyewe nililipa ada ya somo hili. Nikiwa Kemondo kishikwambi kilinidondoka, kioo kikapasuka na hakikuwaka tena. Majibu ya wakulima niliowahoji kwa siku mbili yalikuwa humo peke yake. Nililazimika kurudi kwao, kuomba radhi na kuuliza upya.

Tangu siku hiyo kila kazi yangu ina nakala tatu: kwenye kifaa, kwenye flashi, na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Akaunti ya bure ya Google inatoa nafasi ya gigabaiti 15, ambayo kwa barua na mihtasari ni kubwa mno.

Akaunti hiyo iwe ya kikundi, si ya katibu. Nenosiri lijulikane na viongozi wasiopungua wawili na liandikwe kwenye bahasha iliyofungwa. Vinginevyo, siku katibu akigombana na mwenyekiti, kumbukumbu za kikundi zitaondoka naye.

Vilevile, orodha yenye majina, namba za simu na kiasi cha mauzo ya wanachama si ya kusambazwa ovyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu wanaokusanya taarifa za watu. Kifaa kifungwe kwa namba ya siri, na watoto wasikichezee.

Unaponunua kilichotumika, washa na kukitumia kwa muda ukiwa dukani, tazama betri inavyoshuka, na dai risiti. Kama kinatumia laini, bonyeza *#06# uone namba yake ya IMEI na uiandike kwenye risiti. Ukikuta kina alama ya Serikali, kiache. Vishikwambi vya sensa na vya walimu ni mali ya umma, na bei yake ya chini inaweza kukufikisha polisi.

Anza na daftari

Yule mzee sikumshauri anunue. Nilimwomba kwanza atenge kurasa mbili za kauntabuku lake na kwa miezi mitatu aandike kila ukurasa uliochapishwa, kila nauli iliyolipwa na kila siku iliyopotea kwa kusubiri umeme. Hesabu hiyo aipeleke kwenye kikao, wanachama waamue wenyewe.

Nilimshauri pia kwamba uamuzi, kama ni wa kununua, ufanyike fedha za mauzo ya kahawa zinapoingia, kabla hazijagawanywa. Kifaa kilichonunuliwa kwa mkopo wa riba kubwa hakina tofauti na butura: unatumia leo mavuno ambayo hujayavuna.